Mafuta Yaliyoongezwa Maji

Wenzangu kazini wananicheka mpaka leo. Wacheke tu. Niliyemwona nilimwona, tena mchana kweupe, hapa hapa Bunia.

Mimi ni mpimaji katika labo ndogo. Siku ile nilikuwa nimepima mafuta ya kupaka watoto, yale mepesi kama maziwa, yanayotengenezwa na kikundi cha akina mama wa mtaa wa Nyakasanza. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba dawa inayoyazuia yasioze inatosha, maana ikipungua yanaota vijidudu. Kopo walilonipa lilikuwa jipya, limefungwa vizuri, na mafuta yake safi kabisa. Nikashika kalamu nitie sahihi kwenye cheti chao.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kweli kweli. Kuinua macho, mama mmoja amesimama mbele ya meza yangu, kitenge chake kikavu. Niambie, mtu anapitaje katika mvua ile akafika mkavu? Akaweka mezani kopo la mafuta yale yale, limetumika nusu.

"Ulipima ya mupya," akasema. "Pima hii yenye watu wanapakaa. Na ile ya kwako, usipakae mutoto ku kitovu mbele ya kupima."

Mdogo wangu alikuwa amejifungua siku nne kabla, yuko kwangu, na kazini sikuwa nimemwambia mtu. Nikageuka kidogo kutafuta karatasi, kurudi, hayupo. Nikamkimbilia mlinzi mlangoni.

"Mama gani? Tangu mvua ilianza, hakuna muntu aliingia."

Sikungoja. Nilikimbia nyumbani na mvua ile ile, nikamkuta mdogo wangu amempakata mtoto, kopo langu la mafuta yale yale wazi, kidole kimeshachota mafuta. "Acha!" Nilipiga kelele mpaka mtoto akalia. Na hapa nakiri aibu yangu. Mafuta yalipobaki kidogo koponi, mimi mwenyewe, mtu wa labo, niliongeza maji ili yafike mwisho wa mwezi. Nani kwetu haongezi? Sikufikiri kwamba naizimua na ile dawa.

Nilipima makopo yote mawili, langu na la yule mama. Baada ya siku mbili kwenye kabati la joto, sahani za kupimia zilijaa vijidudu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kitovu cha mtoto kilikuwa bado kibichi.

Nikaenda kwa wale akina mama kumshukuru mwenzao. Nilipoeleza sura yake, binti mmoja akanionyesha picha kwenye simu. Ndiye.

"Ni mama yangu," akasema. "Yeye ndiye alianzisha hii kazi. Mafuta ya moto ilimumwangikia, akakufa mwaka jana." Akanishika mkono. "Mikono yake, uliona iko namna gani?"

"Mizima," nikamjibu. "Laini, haina hata alama."

Akalia, kisha akacheka huku analia. "Siye tulimuzika na bandeji. Aksanti, dada. Aksanti sana."

Mtoto wetu anatambaa sasa, na mimi sitii tena sahihi kabla ya kupima kopo linalotoka nyumbani kwa watu. Nawe unayenisikiliza, mafuta yakiisha, yaache yaishe, usiongeze maji. Na mgeni akikuambia jambo ambalo hukumwambia mtu, usisimame kuuliza ametoka wapi. Kimbia nyumbani kwanza.