DJ Kasi na Wimbo Usioguswa

Aliyerekodi sendofu ya leo ya kumuaga bi harusi hapa Izigo anitumie, bando nalipia mimi!

Binamu yangu DJ Kasi kazi yake ni kukimbiza nyimbo za polepole ili zichezeke. Wiki nzima anatutambia kwamba amechimbua huko Nshamba wimbo wa kwaya wa Kihaya ambao hakuna DJ aliyewahi kuugusa.

Kihaya chenyewe, kwake kinaishia kwenye salamu.

Leo akauachia. Kwaya inalia kama vifaranga. Vijana tukaruka, nami nikiwa mbele.

Wazee wakaganda na sahani zao za ndizi.

Bibi yake bi harusi akamfuata kwenye spika. "Waitu, huu tunauimba tukishusha jeneza. Marehemu mnamkimbiza wapi?"

Kasi akavua kofia kwa adabu.

"Nipunguze spidi, bibi?"