Mama Kola Ajifunza Kushona Mikono

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Kola anakanyaga cherehani taratibu ili watoto wasiamke. Mbele yake kuna shati jeupe la shule. Saa moja anatakiwa awe getini kiwandani.

"Kola ningeshona hata nimefumba macho," anasema, akiisukuma ncha kwa kidole mpaka ichongoke. "Shida ni hivi vingine vyote."

Jina hilo alipewa kazini. Kwa miaka kumi na moja katika kiwanda cha nguo ameshona kola tu, mia tatu kwa siku. Kola ikitoka kwake inakwenda kwa wenzake wa mikono, kisha wa vifungo. Shati zima hakuwahi kulishona.

Halafu ukaja mgomo. Wiki sita wafanyakazi walikaa nje ya geti wakidai nyongeza. Waliipata, ingawa ndogo, lakini mshahara wa wiki zile sita ulikatwa wote. Sasa anadaiwa kodi ya miezi miwili, na mama mwenye nyumba amempa mpaka mwisho wa mwezi alipe au ahame.

Akaazima cherehani ya dada yake, akawatangazia majirani kwamba anashona sare. Shati la kwanza lilitoka na kola ya kupendeza na mikono miwili, yote ya kushoto.

"Mwanangu alilivaa akawa kama anapiga saluti," anakumbuka jirani yake. "Nikamwambia, shoga, mimi nilileta mwanafunzi, wewe umenirudishia askari."

Mumewe, fundi baiskeli, naye hakuacha kumtania. "Nilidhani nimeoa fundi cherehani, kumbe nimeoa fundi shingo."

Mama Kola hakucheka. Alilifumua shati mara tatu. Mara ya nne alilia, kisha akalitia kwenye mfuko na kwenda kwa Mzee Mkono, mwenzake wa kiwandani anayeshona mikono tu, aliyekatwa mshahara kama yeye.

"Alipoliona la kwangu, akaingia ndani akatoka na la kwake alilojaribu kushona," anasema. "Mikono safi kabisa. Kola imelala kama sikio la mbuzi."

Tangu hapo, kila Jumapili wanafundishana. "Miaka yote tumekaa tumeachana hatua tatu tu," anasema Mzee Mkono, "na hakuna aliyeinua kichwa aone mwenzake anafanyaje."

Juzi mama mwenye nyumba alipiga hodi. Alikuja kwa ajili ya kodi kweli, lakini mkononi alikuwa ameshika kitambaa.

"Nishonee magauni mawili, tupunguze deni," alisema. "Ila mikono mpe yule mzee."

Mama Kola alimsihi amwachie kazi yote. Atayashona Jumapili hii, mzee akiwa pembeni, bila kugusa kitu.

"Nikikosea nitafumua," anasema. "Nataka avae gauni nililoshona mwenyewe, kuanzia shingo mpaka pindo. Akishalivaa, ndipo aniambie kama nihame."