Historia ya Chama Niliyoikata kwa Mkasi

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, kurasa arubaini hivi, karatasi nene inayong'aa. Kilitufikia hapa Ibra, Omani, ndani ya bahasha moja na shali ya sufi ambayo kwa joto la huku hakuna mtu wa kuivaa. Ijumaa ile, baada ya chakula cha mchana, mdogo wangu akapiga simu kutoka Urusi kama kawaida yake.

"Kimefika, dada? Kakiandika mke wangu. Historia ya chama chao, tawi la mji wetu wa huku. Niwekee, nikija nitakusomea."

"Kimefika," nikasema. "Wewe unakula vizuri huko?"

Ndivyo nilivyokuwa nikimkatiza kila alipotaja chama. Wazazi wetu walipokufa nilikuwa darasa la nane, na wadogo wawili nyuma yangu, yeye na mdogo wetu wa kike. Tulilelewa na bibi, mama yake mama, aliyeondoka Unguja baada ya mapinduzi. Alitusimulia zama za siasa, jinsi watu wa mtaa mmoja walivyofikia kutozikana kwa kuwa huyu ni wa chama hiki na yule ni wa kile. Kabla hajafa alinishika mkono akaniusia niwaweke wadogo zangu mbali na siasa. Nikaacha shule, nikashona kofia na kuziuza soko la wanawake kila Jumatano, na wasia wa bibi nikaushika kama ninavyoshika sindano.

Hata hivyo vipande vya habari vilinifikia, maana mdogo wangu alikuwa mtu wa kusema haraka kabla hajakatizwa. Zamani, alisema, chama kile kilikuwa na wabunge wachache, na watu walikisikiliza. Kikashindwa uchaguzi mmoja, kikashindwa wa pili, mpaka bungeni hakikubakisha mtu. Tawi la wifi yangu lilikuwa na watu kumi na wanne. Walikutana kwa daktari wa meno, wagonjwa wakishaondoka, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuwapa chumba.

"Na wewe umo?" nikamuuliza siku moja, kwa ukali.

"Mimi mgeni, dada, siruhusiwi kuwa mwanachama. Mimi nabeba viti."

"Miaka mitano umesomea mawe na madini huko, umeishia kubeba viti!"

"Na chai napika mimi, ya tangawizi. Wanasema ndiyo inayowaleta mkutanoni."

"Basi wakishindwa, ni chai yako hiyo."

Alicheka sana. Nami nilicheka, halafu nikamuuliza kama ana koti zito.

Mara nyingine alinambia wifi yangu alikuwa akilia chumba cha pili. Walikuwa wamepita mlango kwa mlango kwenye theluji kukusanya sahihi ili waruhusiwe kugombea, na sahihi nyingi zikakataliwa kwa sababu ya tarehe kuandikwa vibaya. Jambo hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Kofia ukikosea safu moja ya vitobo, unafumua kazi ya wiki nzima. Ningeweza kumwambia hivyo, ampelekee mkewe. Nilimwambia, "Si waache tu?"

Na iko siku wifi mwenyewe alichukua simu. "Shikamoo, dada," akasema, kwa ulimi mzito lakini kwa adabu. Nikaitikia marahaba. Akaanza, neno kwa neno, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe: "Dada, chama chetu..." Nikamwambia simu inakatika, sisikii. Nilikuwa nikimsikia kama yuko jikoni kwangu.

Kofia zetu, nakshi yake hutobolewa kwanza kwa sindano kwenye karatasi nene, kisha karatasi inalazwa juu ya kitambaa na kusuguliwa unga wa buluu, alama zikabaki. Karatasi nzuri ya kazi hiyo haipatikani kirahisi. Mwaka mmoja, Idi ikikaribia, oda zilinizidi. Nikakitoa kile kitabu kabatini. Nikajiambia ni lugha nisiyoijua, tena si haramu, hamna jina la Mungu humo. Nikachukua mkasi.

Wifi alifariki mwaka jana. Haukupita muda chama nacho kikafungwa na mahakama, kwa kuwa kilikuwa hakijashiriki chaguzi za kutosha. Mdogo wangu akarudi nyumbani na sanduku moja. Siku ya tatu, tukinywa kahawa na mdogo wetu wa kike, aliuliza.

"Dada, kile kitabu. Nakala zote za kule zilitupwa walipotolewa kwenye kile chumba cha daktari. Imebaki yako tu."

Nikaenda kuleta kopo la maziwa ya unga ninamoweka violezo vyangu vya nakshi, nikalimimina mbele yake: maduara ya vilele vya kofia na vipande virefu vya pembeni, vyote vimejaa vitobo na unga wa buluu, na nyuma yake maandishi ya Kirusi.

Mdogo wetu wa kike akashika mdomo. "Wallahi, dada! Wanaume wa Ibra nzima wanatembea na chama kichwani, na hawajui."

Ndugu yangu alicheka, kile kicheko cha kwenye simu. Kisha kikamwishia njiani. Akaokota duara moja, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kusoma polepole, akinitafsiria.

"'Mkutano wa kwanza tulikuja watu saba, na viti vilikuwa vitano. Daktari akasema wawili wakae kwenye kiti cha wagonjwa. Tukacheka, halafu...'" Akafuata ukingo kwa kidole. "Hapa imekatwa."

"Halafu nini?" nikamuuliza.

Alinitazama. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kumuuliza swali hilo.

"Sijui, dada. Hiyo ilikuwa kabla sijamjua. Yeye ndiye aliyejua."

Vidole vyake vilikuwa vimeingia buluu. Akaweka lile duara pembeni, akachukua jingine.