Beberu Mwenye Pembe wa Gladwell Ntinyari

Saa tatu asubuhi, nje kidogo ya mji wa Meru, Gladwell Ntinyari amepiga magoti kwenye nyasi kavu za banda, mikono imelowa hadi viwikoni. Mbuzi wa jirani yake Nkirote anasukuma kwa mara ya mwisho na mtoto anateleza nje. Ntinyari anampangusa pua, kisha upesi anamwinua mkia.

Wanawake sita wa kikundi wamebanana nyuma yake, kila mmoja akitaka kuona kwanza.

"Ngojeni kwanza, msinisukume," anasema.

Ntinyari, 46, ndiye mtunza beberu wa kikundi hiki cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Kila jike akiletwa kupandwa, hupata shilingi mia mbili, na kwa kazi hiyo amesomesha mabinti wawili. Miezi sita iliyopita nusura imponyoke.

Walikuwa wakizaliwa watoto wa ajabu. Ukiwaona utasema ni majike, lakini chini ya mkia wana kijinundu kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi. Wakikua wananuka kibeberu, wanawapanda wenzao, na hawazai kamwe. Kati ya watoto thelathini na mmoja, saba walikuwa hivyo, wawili wakiwa wa mbuzi huyu huyu wa Nkirote.

"Nilisimama kwa mkutano nikasema Ntinyari ana mkono mbaya," Nkirote anakiri bila kupepesa macho. "Nilikuwa na uchungu. Ungekuwa wewe?"

Ntinyari alilia siku mbili, kisha akafungua daftari lake la kupandisha. Lahaula! Wote saba hawakuwa na pembe, na wazazi wao pia hawakuwa nazo. Wanachama waliwapenda wasio na pembe kwa kuwa hawachomi watoto macho wala kubomoa banda. Wenye pembe waliishia kwa wachinjaji wa mtaa wa Majengo.

Alimpigia simu Naftaly Njue, daktari wa mifugo, aliyepeleka damu ya mbuzi hao maabara. Majibu yalishangaza: wana kromosomu mbili za X, majike kabisa, na ile jeni ya dume inayoanzisha korodani hawana.

"Mtoto tumboni huanza akiwa njia panda, aende udume au ujike," Njue anaeleza, mikono ikiruka huku na huku. "Jike ana jeni yake ya kujenga ovari. Sasa hawa mbuzi wana kipande cha DNA kilichokatika. Kikikatika, pembe hazioti. Lakini jike akirithi huo mkatiko kwa mama na pia kwa baba, ile jeni inalala, mwili unaelekea udume. Mzazi mmoja akiwa na pembe, shida hakuna!"

"Yaani tulikuwa tunaichagua hiyo shida sisi wenyewe, tena kwa shangwe!" Ntinyari anacheka hadi machozi.

Kikundi kilikubali shingo upande aazime beberu mwenye pembe kutoka Embu. Sharti lilikuwa moja: mbuzi wa Nkirote akizaa vibaya tena, kazi atapewa mwingine.

Sasa Ntinyari anamgeuza mtoto kwenye mwanga na kumpapasa kwa kidole. Ni laini. Hakuna kijinundu.

"Ni msichana!" anapaza sauti. "Msichana kabisa, jamani!"

Vigelegele vinapasuka. Ntinyari tayari anazungumzia mwezi ujao, atakapopeleka daftari lake kwa wafugaji wa Ishiara awaonye mapema.

Nkirote hasikii hayo. Amemkumbatia mtoto, leso yote imelowa.

"Huyu akikomaa namleta kwako wewe," anamwambia Ntinyari. "Mkono mwingine hautamshika."