Mlowezi Aliyemkana Babu

Kwetu Kirua, mbuzi wa Desemba akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe. Kuna cha mzaliwa wa kwanza, kuna cha mashangazi, kuna cha wake wa ukoo. Hata jirani aliyepita kusalimia haondoki mikono mitupu, anafungiwa kipande kwenye jani la mgomba. Desemba ya kwanza baada ya baba kufariki, baba mdogo aligawa nyama kama kawaida, na fungu la mama yangu likaja limefungwa kwenye jani la mgomba.

Mama alipokea, akasema asante. Mimi damu ilinichemka. Mjane wa mzaliwa wa kwanza anapewa nyama ya jirani! Nikajua kuna jambo linapikwa, na haliko jikoni.

Halikukawia. Siku ninayoshuka Moshi kurudi kwenye cherehani yangu, baba mdogo aliniita kando ya mfongo, ule mfereji wa maji unaopita juu ya kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo. Yeye si ndugu wa baba wa tumbo moja, ni mtoto wa mdogo wake babu.

"Mwanangu," akaanza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Sina ugomvi na mama yako. Lakini babu yako hakuwa damu yetu. Alikuwa mtoto wa yule mzungu mwenye shamba la kahawa. Kihamba ni cha ukoo. Mwaka kesho mama yako aangalie pa kwenda. Si ana kaka zake Marangu?"

Kaka zake! Mama ana miaka sabini na kitu. Kaburi la baba liko hatua chache kutoka dirisha lake, na kila asubuhi akitoka kukamua ng'ombe hulipitia na kung'oa magugu. Aende Marangu kufanya nini?

Habari ya mzungu yenyewe tuliinusa zamani. Babu alikuwa mweupe kupita kiasi, na macho ya kijivu ambayo nami nimeyarithi. Tulipokuwa watoto tuliambiwa ni kwa sababu alizaliwa msimu wa ukungu, nasi tukaamini, wajinga sisi. Kilichonikera ni kingine. Kama baba mdogo alijua siku zote, kwa nini alingoja baba azikwe ndipo aseme? Mwenye haki hangoji matanga yaishe.

Nikaanza safari za ofisini. Ofisi ya ardhi wakasema jalada la yule mzungu, mlowezi wa kahawa, liko masjala ya mahakama; masjala wakaniambia rudi Alhamisi. Alhamisi wakaniambia mwenye funguo kaenda msibani. Karani wa masjala alikuwa mzee mmoja mwenye koti kubwa, na kila nikitaja jalada la yule mlowezi, anashika simu na kutoka nje. Nikasema huyu keshawekwa mfukoni na baba mdogo. Siku moja nikamnyatia mlangoni nimsikilize. Alikuwa anamwuliza mkewe kama mahindi yamerudi kutoka mashineni. Niliona aibu, lakini sikuacha kumshuku.

Mwishowe akaniletea jalada, limeliwa na mchwa pembeni. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nikasoma kwa kidole. Mama yake babu, msichana wa kuchambua kahawa, alimshtaki mlowezi amtambue mtoto wake. Mlowezi akaapa kwa Biblia kwamba mwanamke huyo anamjua kwa kazi tu, na mtoto hamjui kabisa. Ukurasa unaofuata: kesi imeondolewa kwa ombi la mlalamikaji.

Mimi ni fundi nguo. Nikiona kiraka najua hapo pamechanika. Msichana amlete mzungu mahakamani enzi zile, halafu aache tu? Nikafunua hadi nyuma kabisa, na hapo, kwa pini yenye kutu, ilikuwa imebanwa hati ya ardhi. Mlowezi yuleyule amemega kipande cha shamba, kuanzia mfongo hadi njia ya kanisani, kwa ajili ya mtoto wa mwanamke yule. Jina la ubatizo la babu limeandikwa waziwazi. Mpishi wa mlowezi akitunze mpaka mtoto akue.

Mpishi huyo ndiye aliyemwoa mama yake babu na kuzaa naye watoto wengine. Ndiye tunayemwita mwanzilishi wa ukoo. Kumbe kihamba chote kilikuwa cha babu, na baba mdogo amejenga juu ya ardhi ya mtoto yule anayemwita si damu yetu. Jamani! Nilicheka peke yangu mpaka karani akageuka.

Nikaomba nakala. Karani akanisogezea daftari la waliowahi kulisoma jalada lile nisaini. Juu ya mstari wangu palikuwa na saini moja. Nikasema moyoni, nimekukamata, baba mdogo! Nikainama nisome vizuri. Ilikuwa saini ya baba yangu, ile yenye mkia mrefu iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule.

Nilipanda Kirua siku hiyohiyo. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori.

"Baba alijua," nikamwambia.

"Alijua."

"Mbona alinyamaza?"

"Alisema akiitoa karatasi ile, mdogo wake atawapeleka wapi watoto? Alisema babu yako alikanwa, inatosha, yeye hatamkana mtu." Akatupa ganda. "Nilidhani mdogo wake naye ana moyo huo."

Desemba ikafika. Baba mdogo ameshika kisu, na jani la mgomba lilishakatwa, linangoja. Nikamwamkia, shikamoo, nikaweka nakala mbele yake. Akavaa miwani. Alisoma muda mrefu, kisha akasoma tena.

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kutoka?" akauliza, na sauti ilikuwa ya mtu mzee.

Jibu nilikuwa nalo. Nililibeba tangu Moshi: mwaka kesho uangalie pa kwenda. Maneno yake mwenyewe, nimrudishie. Nilifungua mdomo, na sijivunii, nilikuwa na furaha.

Mama akatokea na beseni. "Shemeji, gawa nyama. Watu wana njaa."

Baba mdogo akakata. Fungu la mzaliwa wa kwanza akaliweka kwenye beseni la mama, bila jani. Tangu siku hiyo habari ya kuhama haijatajwa.

Baba aliisoma hati akairudisha jaladani. Mimi nina nakala kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Kila nikipanda Kirua, mama huniuliza kama nimeichoma. Namwambia bado. Hunitazama haya macho ya kijivu, kisha huendelea kumenya ndizi.