Matundu ya Chumba Namba Saba

Wapangaji walimwita Mama Msasa, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Ulimi wake nao ulikwaruza. Ukimwita aje kutazama bomba linalovuja, kwanza atakusomea: nani alikutuma ukaze kwa koleo, unadhani bomba ni shingo ya kuku? Kisha atapiga magoti, atalitengeneza, na ukitafuta alipogusa hupaoni. Hapo ndipo kiburi chake kilipokaa, tena kilikaa kitako. Marehemu mumewe, aliyemwachia sanduku la vifaa na ufundi wenyewe, alizoea kusema kwamba marekebisho mazuri ni yale yanayomfanya mwenye nyumba aulize, "Kwani ulifanya nini?"

Nyumba aliyoitunza ilikuwa ndefu, vyumba kumi mlango kwa mlango, vyote vikitazama uani. Bawaba ikilia, anaitwa yeye. Choo kikiziba, yeye. Mpangaji akihama na kuacha ukuta umejaa misumari, ni yeye tena, na matusi yake ya chini chini. Miaka kumi na tisa hiyo.

Wiki ile alikuwa chumba namba saba. Mpangaji mpya, binti mwenye kichanga cha wiki tano, alikuja kukitazama kabla ya kuhamia, akanyoosha kidole juu ya dirisha penye matundu manne ya hewa. "Mama, hapo si baridi itampiga mwanangu?"

Mama Msasa akayaziba. Jamani, na alijua! Marehemu alimwonya mara ngapi kwamba hayo ndiyo mapua ya nyumba, hayaguswi? Lakini alimhurumia mtoto. Tena tuseme ukweli, siku nyingi matundu yale yalikuwa yakimkera kwa kumharibia ukuta. Akajiambia dirisha lipo, watalifungua. Akajaza saruji, akapiga msasa, akapaka rangi. Dirisha akalitia kioo kipya, fremu akaipaka rangi ya mafuta. Chini ya mlango akapigilia ubao hata mende asipite, na kwa ndani akafunga komeo jipya. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini nani aliwahi kutuambia tuzibe kila kitu?

Jumamosi binti akahamia, na mvua ikaja naye. Mchana Mama Msasa alikuwa nyumba ya pili kutoka pale, kajikunja chini ya sinki, muuza mkaa alipojibanza mlangoni asilowe. Muuza mkaa yule hakujua kukaa kimya.

"Mpangaji wako mpya ana akili," akasema. "Nguo za mtoto hazikauki, kachukua mkaa makopo mawili. Anasema atawasha humo humo ndani, chumba kipate joto."

"Lini?"

"Kabla mvua haijashika. Kitambo kidogo. Kwani vipi?"

Spana ikaanguka. Mama Msasa alitoka chini ya sinki akigonga kichwa, wala hakuuona uchungu. Mkaa ukishashika vizuri hautoi moshi wa kuonekana, na sumu yake haina harufu. Mtu husikia usingizi tu, akalala, basi. Na dirisha! Rangi ya fremu ilikuwa mbichi alipolifunga juzi, kwa hiyo sasa limegandana, na binti yule hawezi kulifungua hata akitaka.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, magoti mabovu, kandambili moja ikabaki kwenye tope. "Mungu wangu, nimewaua," alikuwa akisema kwa sauti, "Mungu wangu, nimewaua," na watu waliojikinga mvua barazani wakadhani kapandwa na wazimu.

Akaupiga mlango wa namba saba kwa viganja viwili. Kimya. Akausukuma kwa bega. Haukutikisika, maana komeo alilifunga mwenyewe, kwa skrubu ndefu, akajisifu. Akavuta dirisha, likamgomea. Kila alipoweka mkono alikutana na kazi yake, na kazi yake ilikuwa nzuri mno.

Fundi cherehani wa namba sita akatoka na mkasi mkononi. "Kuna nini?"

"Jiko la mkaa liko ndani! Wamelala!"

Fundi cherehani akaokota tofali avunje kioo. Mama Msasa akamdaka mkono. Kwenye upenyo wa pazia alikuwa ameona godoro limewekwa chini kabisa ya dirisha, na juu yake kijiguu chenye soksi ya manjano. Kioo kikivunjwa, kitamwangukia mtoto.

"Nipe mkasi," akasema.

Kioo kile kilishikwa na puti, ule udongo wa kugandishia vioo, ya siku tatu. Kwa juu imekauka, kwa ndani bado laini. Akachimba kwa ncha ya mkasi, akakwangua, akang'oa kwa kucha, ukingo mmoja, wa pili. Soksi ya manjano haikusogea. Ukingo wa tatu ukaachia, kioo kikainama kumjia, fundi cherehani akakipokea. Joto zito likawapiga usoni. Mama Msasa akanyakua ufagio wa uani, akapitisha mpini wake kati ya nondo za dirisha, akalitafuta komeo. Hakuhitaji kuliona. Akasukuma kushoto, mlango ukafunguka.

Akamzoa mtoto. Fundi cherehani akamburuta mama yake kwa makwapa mpaka uani, akarudi kulitoa jiko. Binti akatapika mvuani, akashika kichwa, akaanza kuuliza, "Mwanangu? Mwanangu?" Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwa Mama Msasa. Akampuliza usoni, akamsugua mgongo, akamfinya nyayo. "Lia," akamwambia. "Lia, mjukuu wangu, nitukane, lia!"

Akalia. Kwanza kwa kukwama, kisha kwa hasira ya haki. Wapangaji wote walikuwa nje sasa, wengine wakilia pia. Mmoja akakimbilia barabarani kutafuta gari la kuwapeleka hospitali.

"Mungu akulipe, mama," binti akasema, kakaa chini kwenye maji. "Bila wewe tungekufa."

"Mama Msasa ametumwa na Mungu!" jirani mmoja akadakia, na wengine wakaitikia.

Angenyamaza, nani angejua? Ukuta haukuwa na alama.

"Msinisifu," akasema. "Juu ya dirisha palikuwa na matundu ya hewa. Ni mimi niliyeyaziba. Nilijua hayazibwi, nikaziba."

Binti akamtazama, akautazama ule ukuta laini, akamtazama tena. Akanyanyuka kwa kuyumba.

"Nipe mwanangu."

Akampa. Akageuka aende zake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyundo yako iko wapi?"

Mama Msasa akaonyesha kwa kidole ile nyumba ya pili.

"Ilete," binti akasema, mtoto kambana kifuani. "Panda ukayatoboe. Mpaka gari lifike niko hapa, nakuangalia."

Fundi cherehani akaleta kiti.