Mgongoni Kuna Mtu

Jamani, leo shanta limeniacha nimeduwaa!

Mzungu wa dhahabu alikuwa anajaribu mashanta, yale mabegi ya mikanda, kwa kutupandisha kilima nayo. Atakayebeba shanta litakalochaguliwa, anakwenda naye Geita. Ndiko aliko mwanangu Masanja, sijamwona tangu mvua za mwaka jana.

Langu nikajitwisha kichwani.

Mnyapara wa Mzungu akafoka, "Bibi, mgongoni!"

"Mgongoni kuna mtu! Humwoni mjukuu wangu kalala?"

Nikafika juu wa kwanza. Vijana huko nyuma wanahema kama ng'ombe!

Mnyapara akaja. "Bibi, shanta lako limekataliwa. Mikanda hukuivaa."

Kwani mikanda ndiyo inayopanda kilima?

Aliyefika wa mwisho, mikanda kaivaa, shanta lake ndilo lililochaguliwa, naye ndiye anakwenda Geita. Mimi wa kwanza nimerudishwa nyumbani.

Nyie mnaojijua mna akili, hebu nielezeni.